Kuchora Mwanga wa Tochi Gizani kwa Kompyuta: Anza na Giza, Malizia na Vumbi

Mchoraji anayejaribu kwa mara ya kwanza kuchora tochi inayowaka gizani huanza, karibu kila mara, na mwale wenyewe. Huchora pembetatu nyeupe inayotoka kwenye kioo cha tochi, huipunguzia nguvu kidogo, hulainisha kingo zake, kisha hukaa akiitazama picha bila kuelewa kwa nini mwanga wake umekuwa mgumu kama kipande cha turubai. Nilichora hivyo kwa muda mrefu, hadi mchapishaji mmoja aliponirudishia jalada la kitabu cha watoto kwa sababu hiyo hiyo, na alikuwa na haki ya kulirudisha. Kosa halikuwa katika brashi wala katika programu. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa kazi, kwa maana nilianza na kitu ambacho kilipaswa kuja mwisho.

Mwale wa tochi hauonekani kwa nafsi yake. Mtu akisimama pembeni mwa tochi inayomulika ukuta katika hewa safi kabisa, ataona kioo cha tochi na ataona duara la mwanga ukutani, lakini katikati hataona chochote. Kile tunachokiita mwale ni chembe za vumbi, moshi, mvuke au ukungu zilizokatiza njia ya mwanga na kuutawanya hadi machoni petu. Kwa hiyo msomaji anayefuata mwongozo huu atachora giza kwanza, kisha mahali mwanga unapotua, kisha vivuli, na mwale atauchora baada ya picha kuwa tayari inaaminika bila huo mwale.

Nitatumia picha moja tangu mwanzo hadi mwisho: mlinzi wa usiku ndani ya ghala la mahindi, amesimama upande wa kushoto, anamulika marobota ya magunia yaliyopangwa hadi karibu na mabati ya paa. Nimeichagua kwa sababu ghala la nafaka halikosi vumbi hewani, na kwa sababu magunia yana migongo, mabonde na pembe ambazo mwanga lazima uzipande na kuzishuka.

Kabla ya kushika kalamu

Zima taa chumbani usiku, chukua tochi yoyote, hata ya simu, na uiweke juu ya meza ikielekea ukutani. Kung'uta gunia tupu au khanga kuukuu mbele yake. Kwa sekunde chache utaona mwale ukizaliwa, na ukisogea karibu utaona kwamba si kitu kimoja kilichojaa sawasawa: ni punje nyingi zinazopanda na kushuka taratibu, nyingine zinang'aa ghafla zinapogeuka na kuzimika tena, na katikati yake kuna mawimbi ya vumbi zito na sehemu zilizo tupu. Zunguka sasa uitazame tochi kutoka mbele, kwa mshazari, bila kuikodolea macho. Mwale uleule utaonekana mkali zaidi, kwa sababu chembe za vumbi hurusha sehemu kubwa ya mwanga kuelekea kule ulikokuwa ukienda, na sehemu ndogo tu kurudi nyuma. Jambo hili peke yake litakusaidia kuamua nguvu ya mwale katika picha yoyote: tochi inayomwelekea mtazamaji huwa na mwale mnene, na inayompa kisogo huwa na mwale hafifu.

Faili na programu

Hatua zote hapa zinawezekana katika Krita na GIMP, ambazo ni programu za bure, na pia katika Photoshop. Majina ya amri nimeyaacha kama yalivyoandikwa kwenye menyu, ili msomaji asiyatafute bure. Fungua faili yenye pikseli 3000 kwa 2000, na kama programu yako inaruhusu, chagua kina cha rangi cha biti 16 badala ya biti 8. Biti 8 hukupa ngazi 256 tu kwa kila rangi, na picha ya usiku hutumia zile ngazi chache za chini, kwa hiyo mahali mwanga unapofifia kuelekea gizani utaona mistari kama ngazi za mchanga ufukweni. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo italemewa kidogo, lakini ni afadhali kupunguza ukubwa wa picha kuliko kupunguza kina cha rangi.

Giza

Chora ghala lote kana kwamba ni saa sita mchana siku ya mawingu: magunia katika rangi yake ya mkonge, sakafu ya saruji, mabati, nguo za mlinzi, vyote vikiwa na mwanga sawa usio na kivuli kikali. Usitie giza lolote bado. Kazi hii huchosha wenye haraka, lakini faida yake ni kwamba kila kitu kitakuwa na rangi yake halisi ikikusubiri chini ya giza, na mwanga utakapofika utaifunua rangi hiyo badala ya kuibandika.

Sasa ongeza leya mpya, yaani tabaka la picha, juu ya zote, ijaze rangi ya buluu iliyoiva sana, na uibadilishe modi, yaani namna inavyochanganyika na leya za chini yake, iwe Multiply. Modi hii huzidisha thamani ya rangi ya juu na ya chini, kwa hiyo kitu chenye mwanga wa nusu kikizidishwa na giza la sehemu ya tano hubaki na sehemu ya kumi. Tumia buluu wala si nyeusi tupu, kwa kuwa jicho la binadamu katika mwanga hafifu hupoteza wekundu mapema kuliko buluu. Ghala linapaswa kutambulika kwa shida: uone umbo la marobota na mstari wa paa, lakini usiweze kuhesabu magunia. Ukiweza kuyahesabu, giza halitoshi, na tochi yako haitakuwa na kazi ya kufanya.

Mahali mwanga unapotua

Hapa ndipo picha hufa au huishi, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atumie nusu ya muda wake wote.

Bandika maski, yaani kifuniko kinachoficha au kuonyesha sehemu za leya, kwenye leya ya giza. Katika Krita huitwa Transparency Mask, katika GIMP ni Layer Mask. Ukipaka nyeusi kwenye maski, giza huondoka na rangi ya mchana hujitokeza. Kwa maneno mengine, huchori mwanga, unatoboa giza.

Umbo la kutoboa ni lipi? Tochi hutoa koni, na koni ikigonga ukuta uliosimama wima mbele yake hutoa duara. Ikigonga kwa mshazari hutoa duaradufu, yaani duara lililovutika. Chukua tochi ambayo mwanga wake unafunguka digrii 10 kila upande wa mstari wa kati. Robota likiwa mita 4 mbele na limeikabili tochi moja kwa moja, duara litakuwa na kipenyo cha mita 1.4 hivi. Robota hilohilo likigeuzwa digrii 45, mwanga utavutika na kuwa na urefu wa takribani mita 2.06, huku upana ukibaki karibu uleule. Lakini angalia jambo ambalo wengi hulikosa: kiini cha mwanga hakikai katikati ya duaradufu hiyo. Kutoka kwenye kiini hadi ukingo wa karibu na tochi ni sentimita 85, na hadi ukingo wa mbali ni mita 1.21. Ukiweka kiini katikati kabisa, jicho la mtazamaji litahisi kasoro hata kama hataweza kuitaja.

Ndani ya umbo hilo kuna tabaka mbili. Kibakuli kinachong'aa ndani ya tochi hukusanya sehemu ya mwanga na kuifanya kiini kikali. Mwanga mwingine hutoka kwenye balbu moja kwa moja bila kugusa kibakuli, ukasambaa kwa upana na udhaifu kuzunguka kiini. Toboa kwanza eneo pana kwa brashi laini yenye nguvu ya asilimia 20 hivi, kisha kiini kwa nguvu zaidi. Usiache mpito uwe laini sawasawa. Tochi nyingi huwa na ukingo wa kiini unaoonekana wazi, na nje yake duara hafifu. Tochi za zamani huwa na madoa na pete zisizo nyooka ndani ya kiini, na pete mbili au tatu zilizochorwa kwa mkono mwepesi huipa picha ukweli kuliko saa nzima ya kulainisha.

Duaradufu yako haitapita juu ya magunia kama stempu. Ikifika kwenye pembe ya robota, sehemu yake huangukia robota la nyuma, ambalo liko mbali zaidi, kwa hiyo mwanga hapo huwa mpana zaidi na dhaifu zaidi, na mstari wa kukatika hufuata pembe ya robota. Kata maski yako hapo kwa uteuzi, yaani eneo ulilolizungushia mpaka, uchore upya sehemu ya nyuma ikiwa kubwa kidogo.

Kuhusu udhaifu, kanuni ni kwamba umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika kwenye uso hupungua hadi robo. Lakini thamani ya pikseli haiendi sambamba na mwanga halisi, na hapo ndipo wachoraji wanaohesabu hukosea. Kama gunia jeupe lililo mita 2 kutoka kwenye tochi limepewa thamani kamili ya 255, gunia kama hilo mita 4 litahitaji takribani 137, mita 6 takribani 94, na mita 8 takribani 71. Anayeandika 64 mahali pa 137 kwa sababu robo ya 255 ni 64 atapata picha inayozama gizani upesi mno.

Rangi ya mwanga inategemea balbu. Tochi ya zamani yenye waya unaowaka hutoa umanjano wa joto, kwa kawaida kati ya kelvini 2700 na 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: ndogo ni ya umanjano, kubwa huelekea buluu). Taa nyeupe ya LED iliyo nyingi madukani leo huelekea ubaridi, mara nyingi kelvini 5000 hadi 6500, na pembezoni mwa mwanga wake kuna umanjano kidogo. Ongeza leya juu ya giza katika modi ya Overlay, paka rangi hiyo juu ya eneo lenye mwanga tu, na uizuie isizidi. Kwa mlinzi wangu nilichagua tochi ya balbu ya zamani, kwa kuwa umanjano wake unaelewana na mkonge na kupingana na buluu ya giza.

Vivuli

Mstari unaotoka kwenye ncha ya kivuli kupitia ncha ya kitu kilichokitupa, ukiendelezwa kwa rula ndani ya picha, hurudi kwenye kioo cha tochi. Weka kitovu cha mistari hapo; Krita ina kifaa kiitwacho Vanishing Point ndani ya Assistant Tool kinachofanya kazi hiyo vizuri sana. Kila mgongo wa gunia utupe kivuli chake upande wa mbali na tochi, kwa kufuata mistari hiyo. Kivuli kinachoanguka karibu na kilichokitupa kiwe na ukingo mkali, na kinachoanguka mbali kilainike, kwa sababu kioo cha tochi si nukta bali kina upana wa sentimita kadhaa.

Usivijaze vivuli hivyo weusi. Mwanga uliogonga magunia hurudi hewani ukiwa umebeba rangi ya mkonge na kuangukia sakafu, nguzo za karibu na kifua cha mlinzi. Leya moja ya kahawia yenye umanjano, modi ya Screen ambayo huongeza mwanga badala ya giza, brashi kubwa laini, nguvu isiyozidi asilimia 10: hiyo inatosha. Mlinzi mwenyewe yuko nyuma ya tochi yake, kwa hiyo mwili wake hubaki gizani ukiwa na mstari mwembamba wa mwanga huo wa kurudi kwenye shavu, kwenye vifundo vya vidole na kwenye ukingo wa kofia. Wachoraji wengi humwangaza aliyeshika tochi kana kwamba tochi inamulika pande zote. Shika tochi gizani, kisha utazame mkono wako, utaona jinsi ulivyo mweusi.

Simama hapa na uitazame picha. Bado hakuna mwale hata mmoja, na tayari mtazamaji anapaswa kujua kwamba tochi inawaka. Kama hajui, rudi nyuma, mwale hautaiokoa.

Mwale

Ongeza leya mpya juu ya zote, modi ya Screen. Modi ya Addition pia hufaa, ila hujaa weupe haraka. Kwa kifaa cha Polygonal Selection Tool, chora umbo linaloanzia kwenye upana wote wa kioo cha tochi, wala si kwenye ncha, na kufika kwenye kingo za duaradufu uliyokwisha kuitoboa. Kingo za mwale na kingo za mwanga ulikotua lazima zikutane. Lainisha uteuzi huo, kisha ujaze gradienti inayotoka kwenye rangi ya tochi hadi kwenye uwazi.

Mwale haufifii kwa kasi ileile ya mwanga unaotua. Katika umbali mara mbili, kila punje ya vumbi hupata robo ya mwanga, lakini koni nayo imepanuka mara mbili, na jicho linatazama kupitia unene mara mbili wa vumbi, kwa hiyo mwale hubaki na nusu ya nguvu, si robo. Kwa thamani za pikseli, kama ni 255 karibu na tochi, ni takribani 188 katika umbali mara mbili na 156 katika umbali mara tatu. Hizo ni thamani za kuongoza umbo la gradienti tu. Mwisho wake leya nzima ishushe hadi asilimia 15 au 30. Kwa sababu hiyo hiyo ya unene, mwale huwa mkali kwenye mstari wake wa kati na hupotea kuelekea kingoni, kwa hiyo ongeza mwale wa pili mwembamba ndani ya wa kwanza.

Tumia Gaussian Blur, kichujio cha kutia ukungu, kwa kiasi, na usiutie mwale wote ulaini mmoja. Nakili leya, nakala moja iwe na ukungu wa pikseli 8, nyingine 40, kisha futa kwa maski ile laini karibu na tochi na ile kali upande wa mbali. Baadaye kagua vitu vinavyokatiza: nguzo iliyo mbele ya mwale inaufunika, kwa hiyo ikate kwenye maski, nguzo iliyo nyuma yake inaonekana kupitia vumbi, ikiwa imefifia kidogo, na nguzo iliyo ndani ya mwale huacha nyuma yake mfereji wa giza unaoelekea mbali na tochi. Mfereji huo ndio ninaoupenda kuliko vyote, kwa kuwa humwonyesha mtazamaji kwamba hewa ya ghala ina ujazo.

Vumbi

Mwale uliojaa sawasawa bado ni turubai. Chukua kifutio laini chenye umbile la mawingu, nguvu asilimia 10, na upitishe ndani ya mwale kwa mikono mirefu ya polepole, ukitoboa sehemu na kuacha nyingine, kama ulivyoona ulipokung'uta gunia. Kisha leya nyingine ya Screen kwa punje: brashi ya kutawanya yenye nukta ndogo, ukipaka tu ndani ya koni. Punje za karibu na kioo cha tochi ziwe kali na ndogo. Chache zilizo karibu na mtazamaji ziwe kubwa na zenye ukungu. Na nyingi zaidi zisionekane kabisa. Ukimaliza, futa theluthi moja ya ulizopaka. Sijawahi kujuta kufuta vumbi, lakini mara nyingi nimejuta kuliacha.

Kukagua na kuhifadhi

Zima leya ya mwale na kuiwasha mara kadhaa. Picha inapaswa kubadilika kidogo tu, kama chumba ambacho mtu amepita na kuinua vumbi. Ikibadilika sana, punguza nguvu ya mwale kwa asilimia 5, uangalie tena. Geuza picha kushoto kulia ili macho yaione upya, kisha ipunguze iwe na ukubwa wa kidole gumba uone kama kitu cha kwanza kuonekana ni magunia yenye mwanga au ni mwale. Kinapaswa kuwa magunia.

Kabla ya kuihifadhi kama JPEG, ambayo itairudisha kwenye biti 8, ongeza chenga (Noise, yaani nukta ndogondogo zilizotawanyika ovyo) hafifu sana juu ya picha nzima, asilimia 1 au 2, ili zile ngazi za gizani zisijitokeze. Hifadhi faili yenye leya zote pembeni. Fungua nakala ya mwisho kwenye simu, punguza mwanga wa skrini hadi nusu, na uitazame mara moja ukiwa kivulini na mara moja ukiwa juani. Kama mlinzi amepotea kabisa juani, rudi kwenye leya ya giza na uilegeze kidogo, bila kugusa kitu kingine chochote.